Kimya cha Hajati Twaibah

Malukhu, Mbale
27 Februari 2024

Shangazi yangu mpenzi, Hajati Twaibah,

Amani ya Mungu ikukute umekaa barazani kwako, miguu umeinyoosha na chai iko karibu. Sisi huku Malukhu hatujambo. Shamira ameota meno mawili ya mbele na kila siku anauliza bibi yake, jaja wa Jinja, atarudi lini, kwa sababu ulimwachia tabia ya kula halua kabla ya chakula. Baba yake anakusalimu. Mvua bado, vumbi tunalo la kutosha.

Sikupiga simu, maana sijasahau ulivyonilea: simu ni ya kuulizia bei ya vitunguu, mambo ya watu huandikwa. Barua hii nampa dereva yule yule wa teksi za Jinja, na nimemwambia asiifanye kifungio cha karanga.

Asante kwa kuja, Shangazi. Unajua wanawake wa Namatala walivyokuwa wakikikimbia kituo chetu cha utafiti, wakisema mashine yetu inasoma dhambi za mtu na kuzitoa kwenye karatasi. Tangu wakuone umeingia na ushungi wako na umetoka ukidai chai, wanakuja wawili wawili. Mmoja aliniambia, kama Hajati ametoka mzima, mimi nina dhambi gani za kumshinda? Na picha zako ndizo safi kuliko zote nilizopiga mwaka huu, kwa sababu hukutikisika hata kidogo. Vijana wa miaka ishirini wanajikuna humo ndani. Wewe ulilala kama umeambiwa na mama yako.

Uliniuliza njiani tunatafuta nini, na sikukujibu vizuri kwa haraka. Tunachukua watu wazima wasio na ugonjwa wowote, tunapiga picha ya ubongo, halafu kwenye kompyuta napima ukubwa wa sehemu zake moja moja. Iko sehemu ndogo ndani kabisa, upande wa kila sikio, imepinda kama ndizi sukari. Madaktari huiita hipokampasi, na ndiyo inayohusika sana na kuweka kumbukumbu mpya. Kisha katika chumba kingine mtu anasomewa maneno na hadithi, anaulizwa anakumbuka nini. Tunataka kujua kama mwenye sehemu kubwa ndiye anayekumbuka zaidi. Majina hayatumiki, kila mtu ni namba. Hata wale wa chumba cha maswali sikuwaambia kuwa wewe ni shangazi yangu, mtu asije akakupendelea.

Sasa nina maswali ya bure tu. Mwalimu wangu wa darasa la tatu aliitwa nani? Na wale majirani wa upande wa kushoto, wakati nilipougua surua? Nimejaribu kukumbuka nimeshindwa. Na siku hizi unalala vizuri?

Mwanao,
Nusifa


Walukuba, Jinja
8 Machi 2024

Nusifa, binti ya kaka yangu,

Na iwe kwako pia hiyo amani, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mwambie Shamira halua haikukatazwa popote katika Kitabu, nimekipitia mwanzo hadi mwisho. Ramadhani iko mlangoni na tende zimeshapanda bei. Magidu alikuja kutoka Buwenge na gunia moja la mahindi na magunia mawili ya ushauri: nipumzike, nihamie kwake, nilale mchana. Mtoto wa kiume akishanunua lori, hata mama yake anamwona mzigo wa kuhamisha. Mdogo wake Jaliah hajambo. Siku hizi anatabasamu peke yake jikoni, na mengine yatasemwa yakifika wakati wake.

Mwalimu wako alikuwa Bi Nabifo, Mgisu mrefu, alikuwa na koti la kijani lenye kifungo kimoja cheupe. Majirani wakati wa surua walikuwa afande Gaster wa magereza na mkewe Janepher, watu wa kaskazini. Afande alikuwa akisalimia hata kuku kwa sauti ya gwaride, na ndiye aliyekwenda kukutafutia maziwa mjini mvua ikimwagika, Mkristo wa watu, Mungu amlipe. Usiku huo ulitapika maziwa yote juu ya mkeka wangu wa sala. Umeridhika, au iko karatasi ya pili? Mimi ndiye niliyekufundisha kuuliza kwa kuzunguka, mwanangu. Usije ukaniuzia mbuzi wangu mwenyewe.

Nalala vizuri. Na mashine yenu sina ugomvi nayo, ila kelele. Ilikuwa kama mafundi wa masufuria wote wa Jinja wamekodishwa kunigongea kichwani. Nilisoma Yasini moyoni, ilipokwisha nikasoma tena, ya tatu sikuifikisha mwisho mkanitoa. Kwa hiyo kama picha ni safi, msimshukuru Twaibah.

Wasichana wangu wanaendelea. Wawili wamefika nusu ya Kitabu kwa moyo. Nawakalisha mmoja kulia mmoja kushoto, wanasoma sura mbili tofauti kwa pamoja, na atakayekosea namgusa goti. Ndivyo alivyonifundisha mwalimu wangu, na sijui njia nyingine. Watu wanasema ni kazi ngumu. Kwangu ndiyo raha yangu ya mwisho duniani, nakuambia kweli, na saa kumi ikifika navisikia viatu vyao mlangoni najiona bado nina kazi hapa.

Nina swali moja na mimi. Wale vijana wenu wa chumba cha maswali, huwa mnawabadilisha, au mtu anakaa na yule aliyempata?

Shangazi yako,
Twaibah


Malukhu, Mbale
30 Machi 2024

Shangazi,

Saumu njema. Tunafuturu kwa uji na viazi, Shamira anafunga hadi saa nne asubuhi halafu anasema amemaliza. Barua yako niliisoma mara mbili na kucheka, halafu nikalia kidogo, na sitaki kukuficha kuwa nililia.

Umenijibu yote, tena na vifungo vya koti. Lakini tunafundishwa kuwa mtu anaweza kukumbuka vizuri mambo ya zamani na bado ya jana yakampotea. Siruhusiwi kutaja picha ya mtu wala majibu yake, hata kwa mama yangu mzazi. Lakini katika chumba cha maswali ulikuwemo mwenyewe. Unajua ulichosema na ulichoacha kusema. Anayejibu machache sana kuliko wenzake wa umri wake hutolewa katika kundi la wazima na kuombwa akaonwe na daktari. Shangazi, kulikuwa na nini siku ile? Ulichoka? Njaa? Masikio? Niambie lolote nitalishika.

Umeuliza kama tunawabadilisha. Hapana, mtu huanza na kumaliza na mmoja. Kwa nini umeuliza?

Nimefanya jambo moja na nakuomba usinikasirikie. Nilimpigia Magidu. Sikumwambia habari za kituo, nilisema tu akuangalie, na kwamba labda wasichana ni wengi mno kwako. Nilifanya kwa mapenzi.

Nusifa


Walukuba, Jinja
21 Aprili 2024

Nusifa,

Idi imepita salama. Wote hatujambo.

Wasichana hawaji tena. Magidu alimwendea imamu, akamwambia mama anaanza kusahau na kwamba hata watu wa utafiti wa Mbale wameona. Imamu alikuja hapa mwenyewe, mtu wa adabu, akakaa, akanisifu muda mrefu, na mtu anaposifiwa muda mrefu hivyo akiwa hai anajua kuna jambo. Akasema wasichana watasomea msikitini kwa muda ili Hajati apumzike. Walikuja kuchukua mikeka siku ya Jumatatu. Saa kumi ikifika nakaa kitandani na kufunga mlango, ili nisisikie viatu vya watu wengine barabarani.

Nisikilize. Mwalimu wa Kitabu akipitwa na kosa la mwanafunzi, dhambi ni ya mwalimu. Siku nitakayojijua nimeanza kupitwa, nitawafukuza mwenyewe kabla ya imamu. Siku hiyo bado. Siumwi. Chumbani kwenu sikusahau kitu. Lipo neno moja ambalo nikilitamka leo hii, mikeka itarudi kabla ya magharibi. Neno hilo si langu, ni la mtu mwingine, na litamdhuru. Kwa hiyo sitalitamka, na wewe usiniulize.

Umesema ulifanya kwa mapenzi. Najua.

Twaibah


Malukhu, Mbale
29 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Sijui nianze wapi. Maji yamemwagika na mimi ndiye niliyepiga teke ndoo. Nimempigia Magidu, nimemwambia amepitiliza, naye akanijibu kwamba mimi ndiye niliyemtisha. Ana haki. Niruhusu nije Jinja nikaongee na imamu. Au njoo wewe upimwe tena, nitakuombea kwa kiongozi wetu. Sikuulizi neno lako.

Lakini nikwambie ukweli, bado naogopa. Ningependa kukuamini moja kwa moja, ila kuna mambo niliyoyaona kwa macho yangu ambayo siwezi kuyaandika.

Nisamehe.

Nusifa


Malukhu, Mbale
10 Juni 2024

Shangazi,

Dereva anasema barua aliifikisha mkononi mwako na ukamwambia asante. Wiki sita sasa. Idi ya kuchinja inakuja, Shamira ameshamchagua mbuzi wa jirani na kumpa jina. Niandikie hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka.

Nusifa


Walukuba, Jinja
24 Juni 2024

Binti ya kaka yangu, Nusifa,

Naianza barua hii kwa salamu ndefu kuliko ile ya Aprili, maana leo kifua ni chepesi. Hatujambo sote. Idi tulichinja, Magidu alileta nyama na kukaa kimya, ikawa ziara yake nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Jumamosi ya tarehe ishirini Julai tuna wageni. Ni kwanjula ya Jaliah, wazee wa kijana wanakuja kujitambulisha na kumwomba. Barua yao imefika, wazee wetu wameikubali, na jambo lililokubaliwa na wazee si siri tena. Kijana walikutana walipokuwa wanasoma huko kwenu Mbale. Yeye ndiye aliyeomba habari zisitembee kabla ya barua, kwa sababu anafanya kazi mahali pamoja na ndugu wa bibi harusi na hakutaka umbea kazini. Anaitwa Bruhan, mtoto wa Asuman wa Namatala.

Sasa kaa chini kama umesimama.

Siku ile ya Februari ulinitoa kwenye mashine ukanipeleka hadi mlango wa chumba cha maswali, ukarudi zako. Nikaingia. Kijana mwembamba, miwani, sauti ya heshima. Akasema, "Karibu mama, mimi naitwa Bruhan, kwetu ni Namatala." Nikamtazama mara moja tu, na mara moja ilitosha, maana Jaliah alikuwa ameshanionyesha picha yake kwenye simu. Yeye hakunijua. Nilikuwa namba, kama ulivyotaka.

Unaijua buko ya kwetu. Mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja wakatazamana usoni, hawali pamoja, na wazee husema anayeivunja atatetemeka mikono hadi kaburini. Imamu wetu amesema mara nyingi kuwa mambo hayo hayamo katika dini, na namheshimu imamu. Lakini mama yangu mimi alijitupa shambani kwenye matope ili mkwe wake apite njiani, nami ni binti yake. Na hapa nilikuwa nimefungiwa pamoja na mkwe wangu mlango umerudishwa, meza moja, magoti yanakaribia kugusana.

Ningesimama nitoke, angeuliza kosa lake. Ningemwambia, angeibeba hofu hiyo maisha yake yote. Kijana anayeshika kalamu kwa riziki yake, kila asubuhi angekuwa anaitazama mikono yake kama imeanza. Na Jaliah je? Nani angekubali kuoa katika nyumba aliyoianza kwa mkosi? Nikafanya lililowezekana. Nikageuza kiti, nikavuta ushungi, nikautazama ukuta. Kwa kuwa alinisemesha kwa adabu nilimpa maneno matatu ya mwanzo. Baada ya hapo nilinyamaza. Sikusema nimesahau, huo ungekuwa uongo. Alipouliza, "Kuna lingine, mama?" niliomba maji. Maskini akaenda kuleta maji, akaniwekea kikombe mezani, akageuka ili ninywe kwa raha. Hapo ndipo nilipojua Jaliah amepata mtu.

Na maneno yenu ni haya: sufuria, mvua, kufuli, jogoo, daraja, sindano, asali, baba, kitanda, wingu, shoka, limau, barua, mchanga, taa. Hadithi ni ya Nambozo aliyetoka Sironko na mbuzi mweusi na kikapu cha mayai, mto ukabeba daraja, askari Douglas akamvusha mbuzi begani, na mayai mawili yakavunjika. Kama kuna nililoacha nieleze.

Nina sharti. Bruhan asijue kamwe. Si kabla ya harusi, si baada, si nikishakufa. Kwa hiyo kwa imamu na kwa Magidu bado sina la kusema, na mikeka itakaa msikitini. Bora wasichana nisiwe nao kuliko kijana yule aanze kuitazama mikono yake.

Jingine. Maswali niliyashindwa kwa hiari yangu, lakini wewe hofu yako haikutokana na maswali peke yake. Umesema uliona kwa macho. Jaliah amenisomea ile karatasi niliyotia sahihi, na imo kwamba mtu akiomba kwa maandishi huambiwa habari zake mwenyewe. Naomba kwa maandishi. Sema uliona nini kichwani mwangu, wala usinipakie asali.

Shangazi yako,
Twaibah


Malukhu, Mbale
19 Agosti 2024

Shangazi yangu, mama yangu,

Tulirudi salama na miguu ikatuuma wiki nzima kwa ngoma za Jaliah. Shamira alilala na gauni lake siku tatu. Kila mtu hapa anaisifu pilau.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka ruhusa iwe mkononi. Kiongozi wetu amekubali ombi lako. Nilimwambia tu kwamba aliyeuliza na aliyeulizwa walikuwa na udugu usiowaruhusu kukaa pamoja, na kwamba majina sitataja. Yeye si mtu wa huku, aliniuliza maswali mengi, lakini mwishoni alifuta majibu ya Februari na kumtuma mwenzetu Annah kwako, na maneno mengine na hadithi nyingine. Annah alirudi ameshika karatasi kama mtu aliyepewa zawadi. Hakuna neno lililopotea, Shangazi. Si mara ya kwanza, si baada ya nusu saa. Katika wenye umri wako wote tuliowapima hakuna aliyekufikia. Na yale uliyoniandikia mwezi wa Juni niliyalinganisha na karatasi yetu peke yangu, mlango nimeufunga. Ni maneno yote kumi na tano, kwa mpangilio wake, baada ya miezi minne, ya kusikia mara moja ukiwa umeutazama ukuta.

Sasa ulichoomba. Sehemu ile ya kumbukumbu kwako ni ndogo. Ni ndogo hata tukizingatia ukubwa wa kichwa, ndogo kuliko ya karibu wote wa umri wako. Nilipoipima Februari nilifikiri nimekosea, nikapima tena, ikawa ile ile. Halafu nikasikia kuwa namba yako imejibu maneno matatu. Mambo mawili yakaafikiana, na mimi nikaamini kabisa, kwa sababu ndivyo nilivyotarajia yaafikiane. Nilikuzika moyoni nikiwa nakuandikia salamu.

Utafiti wenyewe sasa unaelekea mwisho na tunachokiona ni hiki. Ukiwachukua watu wazima wote kwa jumla, wenye sehemu kubwa hukumbuka zaidi kidogo, lakini kidogo sana. Ni kama kusema watu warefu kwa kawaida ni wazito kuliko wafupi. Ni kweli, lakini nani atakwenda sokoni akakadiria uzito wa mtu mmoja kwa kutazama urefu wake? Mimi nilifanya hivyo hivyo, na ni kazi niliyosomea. Miaka na miaka ya kuwasikiliza wasichana wawili kwa mpigo imekufanyia nini, picha yangu haiwezi kuniambia. Nakaa mbele ya kompyuta naitazama ile ndizi sukari yako ndogo na najisikia kusimama kwa heshima.

Lakini nakuambia kila kitu kama ulivyotaka: udogo huo haumaanishi kuwa una ugonjwa, wala hauwezi kuniahidi kwamba hautakuja. Hakuna ajuaye.

Bruhan hajui. Siku ya kwanjula alikaa mkekani na wazee wake, wewe ukiwa chumba cha ndani, akatuma salamu kupitia kwa watu kama inavyotakiwa. Jumatatu yake kazini aliniambia, "Dada Nusifa, nasikia mama mkwe wangu ana kumbukumbu ya ajabu. Laiti tungempata kwenye utafiti wetu." Nilitoka nje nikaenda kushika ukuta.

Najua sistahili kuuliza kama umenisamehe. Nakuonea fahari mno. Ulikubali watu wakuhesabu mtu aliyekwisha, kwa ajili ya mikono ya kijana ambaye hukuwa umemsalimia.

Mwanao,
Nusifa


Walukuba, Jinja
30 Septemba 2024

Nusifa mwanangu,

Heri na afya zikujaze nyumba. Hapa mvua imeanza, mahindi ya Magidu huko Buwenge yamesimama vizuri, na Jaliah ameanza kuhesabu sahani zangu ili ajue atahama na zipi.

Kwa hiyo ni ndogo. Alhamdulillahi. Chumba kidogo hakichoshi kufagia. Nilikaa na habari hiyo siku nzima, nikaogopa hadi jioni, kisha nikaenda kwa imamu. Nikamwambia sababu ya Februari siwezi kusema leo wala kesho, na habari ya kichwa changu nimeipata, basi yeye anipime mbele ya watu. Alikubali. Walikuja wasichana wote na Magidu na wazazi kadhaa, imamu ameshika msahafu. Aliwaagiza wasome huku wakikosea makusudi, na mimi sikujua ni wapi. Niliwagusa goti mmoja mmoja. Mwishoni imamu akasoma yeye, akaacha herufi moja katikati ya aya ndefu na kuendelea kwa sauti nzuri kabisa. Yeye sikuweza kumgusa goti, nilikohoa. Akafunga msahafu akacheka. Mikeka ilirudishwa siku hiyo hiyo, na aliyeibeba ni Magidu, kichwani, kupita njia yote ya watu wanaomfahamu.

Lakini uliniambia kuwa hakuna ajuaye, na hilo sikulitupa. Nimemweka msichana mkubwa kuliko wote, Nabirye, upande wangu na msahafu umefunguka. Nimemwambia, siku kosa likinipita, inua mkono, usinionee haya, na siku hiyo nitawaaga. Watoto wote walisikia. Wiki tatu amekaa pale na mikono yake mapajani, nami sijamtazama mara moja bila kuitazama na mikono hiyo.

Jana aliinua.

Nusifa, niliwasimamisha wasichana wote. Nilirudi nyuma katika aya zote mbili, ya kulia na ya kushoto, natafuta, sikuona kitu, na kutokuona kitu ndiko kulikonitisha. Nikajiambia basi, imekuja, na hivi ndivyo inavyokuja, huioni. Nikaanza hata kupanga nitawaaga kwa maneno gani. Nikamwuliza kwa sauti ambayo sikuijua, "Nabirye, ni wapi?"

Akasema, "Hajati, naomba kwenda chooni."

Walicheka hadi wakalala kwenye mikeka, na mimi nikacheka nao hadi ushungi ukaanguka. Lakini wakati ule kabla hajasema, mwanangu, nilikaa peke yangu na kitu ulichokaa nacho wewe tangu Februari mpaka Agosti, bila kuwa na mtu wa kumwambia. Sikujua kuwa kina uzito ule. Katika barua zangu nilikuwa nakuandikia vizuri tu, sikuwa nimekusamehe. Leo nimekusamehe.

Shangazi yako,
Twaibah